Ngeli ya Chatu

Kazi yangu ni kubandika majina.
Chini ya makumbusho, Dundee, mwezi wa Januari,
kidirisha kiko usawa wa viatu vya wapita njia,
na sisi wawili, mimi na Bi Morag,
na chupa elfu tatu na ushei.
Kila chupa na mnyama wake ndani ya spiriti,
kila mnyama na majina mawili ya Kilatini:
la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe.
Kama sisi, nilimwambia Bi Morag,
ila ninyi mmeanza na baba.

Lugha yangu nayo ilishapanga viumbe kabla sijazaliwa.
Anayepumua hupewa a-,
hata akija amevaa ki- ya viti na vikombe:
kiboko anaoga, kifaru amekasirika.
Mti haukupata ruhusa hiyo.
Mti unakunywa, unazaa, unakufa,
na bado tunausema kama mlango.
Uyoga tuliuweka na ukuta na ufunguo;
nilicheka, kumbe hata humu
umetolewa kwenye mimea, una kabati lake.
Kirusi ndiye, au ndicho, kinachonikosesha usingizi.
Kinaingia, kinazaana, kinanyamaza kama kokoto.
Nimemuuliza Bi Morag kama ki hai.
Akapangusa miwani.

Jana tulimbadilishia chatu spiriti.
Karibu na mkia, huku na huku, vikucha viwili,
vidogo kama punje za mpunga.
“Miguu,” akasema. “Iliyobaki ya miguu.”

Mama yangu, Muheza,
alikuwa na methali moja kwa kila jirani aliyemkosea:
mtoto wa nyoka ni nyoka.
Ni kweli, mama. Lakini rudi nyuma.
Mama wa nyoka, bibi wa nyoka,
bibi yake bibi, endelea, usichoke,
mpaka tumkute mmoja anayetembea.
Wala hapakuwa na asubuhi
mzazi alipomtazama mwanawe akasema, huyu si wangu.
Kila mtoto wa mjusi alikuwa mjusi.
Hivyo ndivyo nyoka alivyopatikana.

Saa tisa na nusu namfuata Tunu shuleni.
Ana rangi ambayo si yangu wala ya Fergus,
na mwanya wa bibi yake wa Muheza,
ulioniruka mimi kama mtoto anavyoruka dimbwi.
Aliwahi kuuliza nimempa nini.
Nusu, nikamwambia.
Nilichanganya karata za wazazi wangu gizani,
nikakugawia nusu bila kutazama.
Baba yako hivyo hivyo.
Ungekuwa na mdogo wako, angepata mkono mwingine.
“Na zile hukunipa?”
Sikuwa na jibu la kumpa njiani, kwenye upepo ule wa Mto Tay.

Leo katoka na kiganja amekifumba.
Kipepeo wa rangi ya chungwa,
aliyejificha darasani kungoja joto, nyuma ya pazia.
Hakulifikia.
“Mama, kipepeo kimekufa.”
“Amekufa,” nikasema.
“Kimekufa,” akarudia, kwa upole,
kana kwamba mimi ndiye ninayejifunza.

Kosa dogo la kunakili.
Herufi inateleza, mzazi hana habari;
nyingi hupotea bure,
moja moja hupata pa kuishi.
Nilifungua mdomo nimsahihishe mara ya pili.
Nikamwona chatu na vikucha vyake.

Nyumbani tulitafuta kisanduku cha kiberiti, tukatandika pamba.
Nikampa penseli, maana wino hupauka.
Akaandika kwa lugha yake, iliyokuwa yangu,
jina, mahali, tarehe,
akaulamba mwanya wake, akifikiri,
kisha chini kabisa: kimekutwa na Tunu.