Tarakimu ya Mwisho

Sikuwa natafuta mwongo.
Nilikuwa natafuta kosa langu mwenyewe,
saa kumi alasiri, ofisini Kisumu,
feni ikikoroga joto bila kulipunguza,
fomu za Ahero zimerundikana hadi kidevuni.

Joto la mtoto halichagui namba nzuri.
Hupanda likakwama penye thelathini na saba nukta tatu,
nukta nane, nukta moja, popote pasipo mpango.
Lakini kuanzia nyumba ya 0290 hadi ya 0351
watoto wote wa Ogweno walikuwa na adabu:
nukta tano, nukta sifuri, nukta tano,
nukta sifuri,
kama wanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu.

Nikazihesabu kwa kidole, kisha kwa kompyuta.
Njia ya mwongo ni fupi, tumeambiwa tangu shule;
yake iliishia kwenye nukta ya desimali.

Hakukana.
"Mto Nyando ulinifika kiunoni," alisema,
"na kipimajoto ni kimoja. Kingelowa je?"
Akatazama viatu vyake. Nami nikavitazama.
Vilikuwa vimepasuka ubavuni, vimeshonwa kwa uzi wa nailoni.

Kabla ya kuzifuta safu zile sitini na mbili
kundi A lilikuwa linalishinda kundi B.
Baada ya kuzifuta bado lilishinda, ila kwa kuhema,
na upana wa shaka ukaongezeka
kiasi cha punje moja ya mchele.
Mkubwa akauliza kama punje inastahili petroli ya gari.

Tulikwenda.
Maji yalikuwa yamerudi mtoni,
yameacha mstari wa tope ukutani
chini kidogo ya namba zetu za rangi nyekundu.
Mlangoni pa 0318, Nereah alikuwa anapepeta mpunga.
Fomu yangu ilisema: Mei, tarehe nne,
thelathini na sita nukta tano,
anacheza, anakula vizuri.
Nikamuuliza mtoto yuko wapi.
Hakuusimamisha ungo.
"Huyo tulimzika kabla ya Pasaka.
Nyinyi Mei mlikuwa mnampima nani?"

Nimesomea takwimu miaka minne.
Najua mmoja kati ya elfu na mia mbili
hausogezi wastani.
Nilimwomba jina, herufi kwa herufi,
ingawa kompyuta yetu haina safu ya majina.
Nikaandika tarehe. Mkono ulikataa kuharakisha saba.

Kisha akauliza yeye:
mwanangu alipewa ipi, ile mpya au ya zamani?
Nikamwambia sijui, wala daktari hajui,
kura ilipigwa, bahasha zimefungwa kabatini
ili macho yetu yasiipendelee dawa.
Alilifikiria hilo muda mrefu,
makapi yakipeperuka kuelekea barabarani.
"Ni sawa," akasema. "Lakini mtakapozifungua."
Hakumalizia.

Chini kabisa ya fomu kuna nafasi ya maoni.
Huwa tunaiacha wazi.
Niliandika neno moja, nikalipigia mstari:
Aambiwe.