Mlango wa Kaskazini

Nimepewa futi ya chuma, daftari, na wiki moja.
Kamati inataka vipimo kabla ya kubomoa.
Toka mlango mkuu hadi madhabahu, hatua ishirini na nane.
Unene wa ukuta, mkono wangu mzima, na bado.
Naandika. Kuta za Babu Okwemba
zinakuwa tarakimu shingo upande.

Mchoro ulikuja kwa meli, umekunjwa ndani ya mkebe:
kanisa la kijiji fulani cha Uingereza,
lililokwisha kuzeeka karne sita
kabla Bwana Pelemu hajapanda kilima hiki nyuma ya Maseno
akasema: Hili hili. Hapa hapa.

Mawe yalikuwapo. Bunyore haijawahi kulia njaa ya mawe.
Waliyakokea moto usiku kucha,
alfajiri wakayamwagia maji ya mtoni
yakapasuka yenyewe,
kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ukweli.

Babu aliuliza: Mbona paa limesimama hivi,
kama mbuzi juu ya kichuguu?
Theluji, akajibiwa. Isije ikalala hapo.
Theluji ndiyo nini?
Pelemu alitafuta neno hadi chai ya saa nne ikapoa.
Ni mvua inayotembea, akasema.
Babu akapaua vivyo hivyo,
kwa heshima ya mgeni ambaye
miaka tisini sasa hajafika.

Birika la ubatizo: pande nane,
kifuniko cha mvule, kufuli.
Kufuli ya nini tena?
Kwetu, zamani, wachawi waliiba maji haya.
Babu alitua tindo, akacheka hadi akakaa chini:
Kumbe na kwenu wapo!
Toka siku ile, mama husimulia,
walikunywa uji kibuyu kimoja.

Pembe za mnara zilidaiwa majoka manne
ya kutema maji ya paa mbali na msingi.
Matatu ni majoka.
La nne, linalotazama kwa ukoo wa waleta mvua,
ni chura. Mashavu yamefura, macho yamefumba,
kama anayeshikilia siri mdomoni.
Pelemu hakusema neno.
Alikuwa na macho mabovu, au adabu.

Basi nimebakiwa na huu: mlango wa kaskazini.
Mfupi, tao lake limechongoka, umezibwa kwa mawe.
Huko ulikozaliwa, kaskazini ni kivulini.
Ukungu huota, na makaburi ya wasiotajwa.
Mtoto akibatizwa, mlango huo uliachwa wazi
shetani apate pa kutokea, kisha ukakomewa.
Pelemu aliagiza uzibwe kabisa, asirudi.

Babu alichanganya chokaa. Akaziba.
Lakini mstari wa Ikweta unapita pale chini,
nyuma ya duka la mbolea la Aseka,
na jua letu halina upande linaouchukia.
Desemba hukaa kusini, Juni huhamia huku,
huanika mahindi pande zote mbili za nyumba.

Leo ni Juni, tarehe kumi na tisa.
Saa mbili na nusu asubuhi, nimepiga magoti na futi,
na kitu kimenigusa sikio. Mwanga.
Kati ya jiwe na jiwe pana tundu,
limetobolewa mshazari, kwa subira,
na kando yake alama yake: mistari mitatu, unyayo wa kanga.
Mshale wa jua unatoka humo, mwembamba kama ufito,
unavuka vumbi, unavuka viti,
unashuka sakafuni polepole kuelekea kwenye birika.

Nimeandika: Tundu moja. Ukubwa wa senti kumi ya zamani.
Halimo kwenye mchoro.

Mwenyekiti Ondeyo amepiga simu. Umemaliza?
Nimemwambia bado,
kuna upande mmoja haujaniambia kipimo chake.
Nimeirudisha futi mfukoni.
Nangoja mwanga ufike kwenye kufuli.