Kumi na Tatu na Nusu

Kwanza barafu, alisema Nishiwaki,
nami nikadhani anaomba maji baridi.
Mhandisi wa daraja, shati limemganda mgongoni,
mwezi wa pili, Kisauni, feni inasaga hewa ileile.
Akaishika barafu yetu mbele ya taa:
nyeupe, imefumba, kama jicho la baba
kabla ya kupelekwa Makadara.
Akairudisha ndooni kwa adabu
kama mtu anayekataa posa.

Basi nikajifunza.
Maji uyachemshe, yapoe, uyachemshe tena,
uyatie kwenye kasha la samaki lisilo na kifuniko,
yagande kuanzia juu, polepole,
mchana kutwa na usiku kucha,
stima isipopotea.
Stima ilipotea. Mara nne.
Mara ya tano nikatoa pande moja,
nikaliweka juu ya gazeti kuukuu
nikasoma bei ya saruji bila kukunja uso.

Bilauri iwe ndefu. Ijaze barafu hadi ukingoni,
ikoroge tupu mpaka kioo kitoke jasho,
umwage kilichoyeyuka.
Wiski vidole viwili, vyembamba, vya mwanamke.
(Chupa aliileta mwenyewe, ina magamba ya kobe,
mwenye baa akaifungia kabatini pamoja na leseni.)
Koroga mara kumi na tatu na nusu.

Nusu?
Nusu.
Nikamuuliza nusu ni ya nini.
Akatafuta neno
katika Kiswahili chake cha miezi minane.
"Ya kusimama," akasema.

Nikakumbuka Jibana, kisu cha baba kwenye karara,
unyuzi mmoja asubuhi, unyuzi mmoja jioni,
na mkono unaojua kuacha.

Halafu soda. Si soda unayoijua wewe.
Otuoma wa forodhani alinigombeza kwa hili,
"Soda gani? Nyeusi ama ya machungwa?"
Ni maji makali, hayana rangi, hayana sukari.
Yapitishe kando ya barafu yasiiguse,
kama unavyompita mtu aliyelala mlangoni.
Kijiko kishuke, kiinue barafu mara moja, kitoke.
Ganda la limau ulikunje juu ya mdomo wa bilauri
mafuta yaruke. Basi. Acha.

Otuoma alionja akauliza kama ni dawa ya gesi.
Mwingine alisema nimeiba wiski nikafidia kwa bomba.
Nishiwaki alikunywa moja tu, kila siku, saa kumi na mbili na robo,
akafuta duara la maji mezani kwa kiganja,
akalipa, akaenda.
Hakunisifu hata siku moja.
Daraja lilipokwisha aliniachia robo ya chupa
na kile kijiko kirefu kilichosokotwa kama kamba.

Baba amekuja jana kutoka hospitali,
pamba jicho la kushoto, la kulia jipya kabisa.
Miaka arobaini juu ya minazi.
Nyumbani kwetu tembo na maji
havikutajwa kwa pumzi moja,
jirani asije akasikia.
Nikamketisha kaunta, nikamtengenezea.
Barafu. Wiski. Akahesabu midomo ikicheza,
nilipofika nusu akainua kidevu.
Lakini nilipoifungua ile chupa ya maji
nikamimina, nikaendelea kumimina,
jicho jipya likanikazia.

"Mbeyu. Nani alikusifu?"

"Hakuna, baba."

Akanyamaza. Nje fundi alikuwa anapiga bati.
Akaichukua bilauri, hakuipeleka mdomoni,
akaiweka sikioni
kama anavyofanya na kibuyu alfajiri,
akasikiliza viputo vikipanda, vikipasuka,
maji yakimdondokea begani.

"Linachemka," akasema.
Akatazama kaunta nzima, huku na huku,
akauliza mrija uko wapi.