Naona

"Baba, tazama," alisema Nutsa,
nami nikajibu, "Naona,"
macho yangu yakiwa kwenye simu,
kwenye bei ya matairi ya majira ya theluji.

Kisha chuma kikalia.
Mlio mmoja, kama sufuria iliyoponyoka jikoni kwa jirani,
na baada yake kimya
kipana kuliko ua wote wa maghorofa yetu ya Gldani,
kimya cha mtoto anayevuta pumzi ya kulilia.

Sikumbuki kukimbia.
Nakumbuka kiatu kimoja juu ya mtelezo,
chekundu, kamba zimekaza;
nilizifunga mimi asubuhi, mafundo mawili mawili.
Nakumbuka kidevu kimefunguka
kama mdomo wa pili, usiojua kusema.

Tsiala wa ghorofa ya tatu alishuka na ndala,
mikono imejaa unga.
Hakuuliza kitu. Alivua kitambaa cha kichwani,
akakibana kidevuni, akaniambia, "Endesha."
Siwezi, nikasema. Miguu yangu ilikuwa ya mtu mwingine.
Basi mshike wewe.
Akaendesha yeye, gari la marehemu mumewe
ambalo halikuwa limetoka tangu mazishi,
akipita taa nyekundu moja baada ya nyingine
na kwa kila taa akifanya ishara ya msalaba,
hata usukani ukawa mweupe, na kifua chake pia.

Dirishani pa dharura muuguzi aliuliza jina,
tarehe ya kuzaliwa, uzito.
Uzito! Nilikuwa nimempakata
na sikuweza kusema ni kilo ngapi.
"Ameangukaje?"
"Ameanguka," nikasema.
"Naona hilo. Ameangukaje?"
Kalamu ikasubiri.
Nyuma yangu mtu akakohoa.

Kwetu kuna neno, genatsvale.
Muuza nyanya hukuita hivyo,
dereva wa teksi hukuita hivyo akikuzidishia nauli.
Limechakaa kama sarafu
ambayo hakuna asomaye tena kilichochongwa juu yake.
Maana yake: niwe mimi badala yako.
Nililisema chini ya taa ile kali,
daktari Makvala akivuta dawa ya ganzi kwenye sindano,
nikalisema tena, na tena,
kwa mara ya kwanza maishani kwa bei yake kamili,
na hakuna aliyekubali kulinunua.
Kitanda kilikuwa kifupi, cha mtoto,
chenye picha za dubu waliobanduka masikio.

Mishono mitano.
Wa kwanza alipiga ukelele
hata mzee aliyekuwa nyuma ya pazia akapiga wake, kumuunga mkono.
Wa pili aliniuma kidole.
Wa tatu aliuliza uzi ni wa rangi gani.
"Buluu," daktari akasema,
naye akatulia, akiiwaza hiyo buluu.
Wa nne na wa tano nilitazama.
Nilijilazimisha. Nilitazama kila tundu
likiingia na likitoka.

Ukumbini Tsiala alikuwa amesinzia wima,
unga umekauka kwenye kucha.
Nutsa, bandeji imempa kidevu cha babu,
aliniegemea, akanong'ona kwa meno yaliyofumbwa:
"Nilipanda kinyume, bila mikono.
Nilifika juu kabisa. Si uliniona?"

Ningeweza kusema lile neno.
Lilikuwa tayari ulimini, jepesi, limezoea njia.

"Sikuona," nikasema.

Alinitazama muda mrefu,
kama daktari alivyoutazama ule ufa
kabla hajaamua aanzie wapi.

"Basi kesho nitakuonyesha,"
akasema, akalala,
mguu mmoja una kiatu.
Wa pili, na soksi yake iliyolowa,
niliuweka ndani ya koti langu.
Tsiala akaturudisha polepole,
akisimama kwenye kila taa,
hata zile za kijani.