Moshi Haukuandikwa

Barua ya kwanza ilikuja wakati wa theluji.
Bahasha nyembamba. Darrell aliipima kiganjani
kama apimavyo samaki mchanga kabla ya kumrudisha ziwani.
"Nyepesi," akasema. "Wamekataa."
Tukaifungua. Walikuwa wamekataa:
maradhi ya mapafu hayana uhusiano na utumishi wake.
Akaisukuma chini ya kibaniko cha mkate,
akatoka kuzoa theluji,
akarudi baada ya koleo kumi na moja.
Nilihesabu dirishani.
Kabla ya Iraki alikuwa akisafisha njia yetu yote,
kisha ya mama Beauchamp, jirani, bila kuombwa.

Miaka sita barua ilikaa pale ikila makombo.

Niliyeitoa ni mimi,
siku Elsie alipomuuliza baba yake
mbona anapumua kama mlango wa banda.
Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikamkalisha kwenye ngazi,
kofia chini, mkono kifuani,
na mtoto akisema samahani, baba, samahani.

Nikamwambia: tunadai.
Akaniambia: mimi siombi serikali kitu.
Nani kasema kuomba?
Mwombaji hukinga kiganja.
Mdai ana chake kwa watu.
Pumzi uliwakopesha, Darrell, ukiwa na miaka ishirini na tano,
na hawakukuandikia hata risiti.

Alhamisi, ukumbi ulio nyuma ya uwanja wa barafu,
Bibi Pelkey, aliyekuwa baharia,
miwani yake imefungwa kwa kamba ya buti.
"Hasira ninazo za kutosha," alisema. "Nileteeni karatasi."

Karatasi!
Faili la jeshi lajua saizi ya viatu vyake,
lajua jino walilomng'oa, na chanjo za mkono wa kushoto.
Shimo halilijui.
Shimo pana kama uwanja wa mpira,
likiwaka mchana, likiwaka usiku:
matairi, betri, chupa za plastiki,
bandeji, rangi, kinyesi, mafuta ya ndege juu yake.
Pafukapo moshi pana moto, husema watu.
Ofisi iliukubali moto,
ikaukana moshi.

Tukampigia Ochoa, El Paso.
Miaka kumi na minne hawajasemezana.
Kabla ya jina, kabla ya salamu,
simu ilikohoa.
Darrell akafumba macho. Alikitambua kile kikohozi
kama mtu atambuavyo hatua za ndugu yake ukumbini.

Ochoa aliandika kwa mkono, kurasa mbili:
Tulilala hatua mia tatu kutoka shimoni.
Asubuhi tulipenga masizi.
Lahti alifunga shuka lililolowa mlangoni
akatuambia tusiliguse.
Jina alilikosea herufi. Bibi Pelkey akasema liacheni,
mwongo angelihakiki.

Kisha kipimo, hospitali ya mbali, saa tatu za barabara.
Puliza, puliza, puliza, alisema muuguzi,
kana kwamba mbele yake pana keki.
Daktari hakuinua uso: "Sigara?"
"Nne."
"Nne kwa siku?"
"Nne maishani. Sikuzipenda."
Kalamu ikasimama. Sijui iliandika nini.

Halafu kungoja.
Muziki uleule wa simu, sauti ileile ya kushukuru
kwa utumishi wako, tafadhali usikate.
Usiku analala kitini, wima,
nami kitandani nasikiliza,
na kila pengo kati ya pumzi na pumzi
nalijaza kwa namba ya dai letu,
tarakimu tisa, naijua kuliko siku ya ndoa yetu.

Leo imefika bahasha. Nene.
Ameipima kiganjani, hakusema kitu.
Kisu kipo mezani, Elsie yupo mlangoni na mkoba wake,
theluji inayeyuka kwenye zulia.
Hajaifungua.
Ameshika simu, anabonyeza namba za Texas.
"Ochoa," anasema, na anangoja kikohozi kipite,
chake au cha mwenzake,
"wewe yako umeijaza?"