Mchanga wa Tangi

Usiku wa tatu Mbwana alishuka ngazi na mpini wa ufagio.
"Kuna mtu huko chini," akasema, "anakaanga bisi."
Nikamuuliza, mwizi gani huyo
wa kuja Kitchener mwezi wa Januari, theluji magotini,
akaiacha televisheni akatafuta sufuria?

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na tangi,
jitu la chuma kando ya mashine ya kufulia,
na kila moto ulipowaka chini yake
lilinguruma, likapasua, po, po-po, po,
kisha likatulia kama mtu aliyesingiziwa.

Lilikuwa na kesi nyingine:
maji ya moto ya kuoga mtu mmoja na nusu
(nusu ni mimi, wa zamu ya alfajiri),
na bili ya gesi iliyopanda bila kupiga hodi.

Akaja jirani Orval, fundi bomba mstaafu,
akavua viatu mlangoni, akalitegea tangi sikio tupu
na stethoskopu yangu iko juu, mezani.
"Chokaa," akasema. "Maji ya hapa hutoka chini ya ardhi,
hupanda na mwamba wake. Mmelisafisha lini?"
Tukatazamana
kama watoto walioulizwa nani kavunja kikombe.
Miaka tisa.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbishwa darasani.
Hakuna aliyeniambia kibaba chenyewe ni hiki,
wala kwamba kitajaa mawe.

Jumamosi nikapunguza gesi, kikabaki kinara kidogo.
Nikafunga maji baridi, nikaunga mpira wa bustani
kutoka koki ya chini hadi tundu la sakafuni.
Juu, Mbwana alifungua bomba la moto la jikoni
tangi lipate kuvuta pumzi.
Nikafungulia.

Likatoka tone.
Likatoka jingine.
Basi.

"Lete koleo!" Mbwana akapiga kelele. "Tulikaze! Tulipige!"
Sikumjibu. Mkono wangu ulikuwa kwenye koki
na kimya kile nilikuwa nakijua.
Miaka kumi na minne nimekaa ubavuni mwa watu wa figo,
mashine ikichuja damu yao. Mrija ulioziba haushindwi kwa nguvu.
Unasukuma kidogo. Unavuta kidogo. Unangoja,
unamuuliza mwenyewe habari za wajukuu.

"Rudisha maji baridi," nikasema. "Hesabu tano. Funga.
Tena."
Mara ya nne mpira ukashtuka kama nyoka aliyekanyagwa,
ukatapika: kwanza maji ya mchele,
kisha vipande, vyeupe, vyembamba, maganda ya mayai kabisa,
vikigonga sakafu na mvuke wake.
Mbwana, aliyekuja kuchungulia, akarudi nyuma ngazi tatu.
"Vyote hivi tulikuwa tunaviogea?"

Tukasukuma na kuvuta mpaka adhuhuri.
Maji yalipokuja meupe ya kweli, yale ya kuonea kidole,
tukalijaza. Bomba la juu likakohoa, likakohoa,
likanyooka.

Koki haijafunga sawasawa mpaka leo.
Punje moja imekwama kwenye meno yake.
Orval aliiletea kifuniko cha shaba, dola nne,
akakataa pesa, akakubali maandazi.

Usiku ule tangi halikusema kitu.
Mbwana alilala. Mimi nilikuwa macho, namsikiliza aliyenyamaza;
kazi imenizoeza vibaya.

Jumatatu nikachukua chokaa kidogo ndani ya kikopo cha vipimo,
nikampelekea Bi Geraldine, kiti cha dirishani,
maana hupenda mambo ya mafundi, marehemu mumewe alikuwa mmoja.
Akakitikisa sikioni. Akacheka.
Akakitikisa tena, polepole,
na mashine ikiendelea kuzungusha damu yake nyuma ya bega.

"Na likishasafishwa," akauliza,
"linadumu miaka mingapi?"

Nikamwambia nitamuuliza Orval.