Faili Isiyo na Sauti

Ghorofa ya pili, Langoni, juu ya duka la nyuzi na zipu.
Feni nimeizima kwa mazoea,
ingawa leo sirekodi kitu.
Leo naingiza tu.

Saumu binti Lali ameleta flashi
ndani ya karatasi ya halua, bado ina mafuta.
"Faili mbili," asema. "Moja ni vugo la harusi ya mama,
limetolewa kwenye kaseti.
Nyingine ya marehemu baba. Niliifungua kwa simu,
ikanyamaza."

Naikokota ya vugo, naidondosha traki ya kwanza.
Programu yauliza: ninakili, au niiache ilipo?
Nakili. Mwaka juzi niliiacha ilipo,
flashi ikarudi kwa mwenyewe,
na asubuhi harusi nzima ya watu
ikawa mstari mwekundu: haipatikani.

Sauti yajichora kama ukili mweusi, inene, inyembe.
Nabonyeza.
Wanawake waimba kama vifaranga,
pembe zagongwa mbio mbio;
kwa mwendo huu bi harusi angetolewa kabla ya kusingwa.

Si wao. Ni hesabu.
Kaseti ilihamishwa kwa elfu arubaini na nne na mia moja kila sekunde,
mradi wangu nimeufungua kwa elfu arubaini na nane.
Nafuta. Naingiza tena, nakubali igeuzwe,
nao warudi kwenye umri wao, kwenye vifua vyao,
na mmoja akohoa, na mwingine asema
Ngojani, mwana yuwalia.
Mwana huyo ana makamo sasa.
Pengine ndiye aliyeniuzia soda leo.

Faili ya pili ni nyepesi kuliko salamu za Idi:
kilobaiti kumi na moja.
Ina mwendo wake, tisini na sita.
Programu yauliza tufuate wa nani.
Mgeni njoo, nasema, mwenyeji apone.
Visanduku vidogo vya rangi ya chungwa vyajipanga traki ya pili,
kisha kimya.

"Umeona?" asema Saumu.

Haijaharibika. Hii ni midi,
haikubeba sauti, imebeba vidole:
bonyeza hapa, kwa nguvu hii, achia hapa.
Ala ni juu yetu.
Nampa piano: yasikika kama hoteli ya wageni.
Nampa zumari: Saumu acheka, kwa mara ya kwanza.
Nampa akodiani, na kicheko chakatika.

Nafungua noti moja moja.
Nguvu tisini, themanini na nane, tisini na moja,
kisha thelathini na mbili.
Tena tisini, tena thelathini na mbili,
na ile dhaifu huchelewa kidogo kila mara,
kama mtu anayevua viatu mlangoni.

"Ni kidole cha pete," asema. "Cherehani ilimtoboa
akishona kanzu za watu, mwezi wa Shaabani."

Kitufe cha kusawazisha kiko pale pale,
kibonyezo kimoja tu, kila noti ikae kwenye mstari wake.
Naondoa mkono kwenye kipanya, naulaza pajani.

Nacheza traki zote mbili kwa pamoja.
Hazikutani. Vugo lakimbia, Lali achelewa.
Halafu nakumbuka, na aibu yanipanda shingoni:
nimemwingiza mwanamume uani kwa wanawake,
tena bwana harusi mwenyewe, kabla ya wakati wake.

"Nimtoe?"

Saumu afikiri, akikunja ile karatasi ya halua
mara nne, mara nane.
"Usimtoe. Mweke nje. Barazani."

Basi nampeleka kushoto kabisa,
nampunguza, namkata sauti za juu
hadi kati yake na wao pasimame ukuta wa mawe na chokaa.
Huko nje anapiga, kidole chake kibovu kinachelewa.
Huku ndani mtu asema ngojani,
na kwa kipimo kimoja na nusu, nimehesabu,
wote wangoja.